Chakula cha Nyumbani kwa Shuga Glaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaofuga shuga glaida na kutaka kuwaandalia chakula wenyewe. Majibu yanawahusu glaida wazima wenye afya. Mnyama aliye mgonjwa, aliyekonda ghafla au anayetembea kwa shida apelekwe kwa daktari wa wanyama aliyezoea kutibu wanyama wadogo wasio wa kawaida, na chakula chake kisibadilishwe kwanza kwa kubahatisha.

Shuga glaida hula nini katika mazingira yake ya asili?

Shuga glaida ni mnyama mdogo mwenye mfuko wa kulelea mtoto, kama alivyo kangaruu, na asili yake ni misitu ya Australia, kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa vya jirani. Usiku hutoka katika pango la mti, hutoboa magome ya mikaratusi kwa meno yake marefu ya chini ili kuramba utomvu, na hula gundi inayotoka kwenye miakasia, pamoja na mbochi na chavua ya maua. Msimu unapokuwa na wadudu wengi, huwinda nondo, mabuu, mbawakawa na buibui, na mara chache hupata yai la ndege au mjusi mdogo. Sehemu ya mwanzo ya utumbo wake mpana imepanuka kama mfuko, na humo bakteria huichachusha gundi ambayo wanyama wengi hawawezi kuisaga.

Matunda matamu yaliyoiva, ambayo wafugaji wapya huyadhani kuwa ndiyo chakula chake kikuu, hayana nafasi kubwa katika maisha hayo ya porini. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi tutakayoyaeleza hapa chini.

Je, chakula cha kupika nyumbani ni bora kuliko cha kununua?

Kinaweza kuwa bora, lakini kwa sharti moja: kiwe kimeandaliwa kwa kufuata mapishi kamili yanayojulikana, kwa vipimo vyake, bila kuacha kiambato hata kimoja. Chembechembe kavu za dukani peke yake hazitoshi, kwa kuwa glaida wengi huzila kidogo tu na hazifanani na chakula cha maji maji walichozoea kwa asili. Hata hivyo, mfugaji anayekata tufaha, zabibu na ndizi kila jioni na kuita huo mlo wa nyumbani anamdhuru mnyama wake zaidi kuliko yule anayetegemea chembechembe hizo. Chakula kuwa kibichi na safi hakukifanyi kuwa kamili. Ninalisisitiza jambo hili mapema kwa sababu madhara yake huchukua miezi kuonekana, na yanapoonekana huwa mifupa imeshaharibika.

Kwa nini kalsiamu inatajwa kila mara katika mazungumzo haya?

Kwa sababu upungufu wake ndio unaowalemaza glaida wengi wanaofugwa. Mwili huhitaji kalsiamu na fosforasi kwa uwiano maalumu, na kwa glaida uwiano unaolengwa ni takribani sehemu 2 za kalsiamu kwa sehemu 1 ya fosforasi. Fosforasi inapozidi, au kalsiamu inapopungua, tezi ndogo za shingoni zinazoitwa parathiroidi hutoa homoni inayoichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili damu isiishiwe. Hali hiyo ikiendelea, mifupa huwa myembamba na dhaifu, uti wa mgongo na nyonga hushindwa kuhimili uzito, na mnyama aliyekuwa akiruka kutoka pazia hadi begani huanza kuburuta miguu ya nyuma. Wengine hutetemeka au kupatwa na degedege kwa sababu kalsiamu ya kwenye damu imeshuka mno.

Ugumu ni kwamba karibu kila kitu anachokipenda glaida kina uwiano wa kinyume. Gramu 100 za ndizi zina takribani miligramu 5 za kalsiamu na 22 za fosforasi. Mahindi mabichi ya manjano yana miligramu 2 tu za kalsiamu kwa 89 za fosforasi. Yai la kuchemsha lina fosforasi inayozidi kalsiamu zaidi ya mara tatu, na nyenje na mabuu wa unga wako nyuma zaidi ya hapo. Upande wa pili, papai lina takribani miligramu 20 kwa 10, na chungwa 40 kwa 14, lakini huwezi kumlisha mnyama papai na machungwa peke yake ukategemea kwamba hesabu itajirekebisha. Ndiyo maana mapishi yote ya kuaminika yana unga wa kalsiamu au mchanganyiko wa vitamini na madini ndani yake, na ndiyo maana kuuacha unga huo ni kuyavunja mapishi yenyewe.

Vitamini D3 nayo inahitajika ili kalsiamu ifyonzwe. Glaida ni mnyama wa usiku, halali juani, na kwa hiyo hutegemea kuipata katika chakula.

Ni mapishi gani ninayoweza kuanza nayo?

Yapo kadhaa, na wafugaji hubishana sana kuhusu lipi linashinda. Yanayotajwa mara nyingi na madaktari wa wanyama ni mchanganyiko wa Leadbeater, uliopewa jina la mnyama mwingine wa mitini, posamu wa Leadbeater, anayepatikana katika jimbo la Victoria nchini Australia. Viambato vyake ni mililita 150 za maji ya uvuguvugu, mililita 150 za asali, yai 1 lililochemshwa likaiva kabisa na kumenywa, gramu 25 za unga wa nafaka wa watoto wachanga ulio na protini nyingi, na kijiko 1 cha chai cha unga wa vitamini na madini.

Changanya maji na asali hadi asali iyeyuke yote, kisha weka kando. Saga yai peke yake kwenye blenda mpaka lilainike, bila kubakisha vipande vyeupe vya mpira mpira, kwa kuwa glaida ana ustadi wa kuvitenga na kuviacha sahanini. Endelea kusaga huku ukiongeza maji ya asali kidogo kidogo, halafu unga wa vitamini na madini, na mwisho unga wa nafaka. Saga kila baada ya kuongeza kitu. Mchanganyiko uliokamilika humiminika polepole kama uji mwepesi, na ukiuacha kwenye bakuli kwa dakika chache usione unga umetuama chini. Ukiona umetuama, rudisha kwenye blenda, kwa sababu tabaka lile la chini ndilo lenye kalsiamu.

Zingatia kwamba mililita 150 za asali zina uzito wa zaidi ya gramu 200. Sehemu kubwa ya mchanganyiko huu ni sukari. Kinachoufanya uwe chakula ni yale mengine yaliyomo, pamoja na kile kinachowekwa kando yake sahanini.

Je, mchanganyiko huo unatosha peke yake?

Hautoshi. Utaratibu unaopendekezwa sana ni kuufanya kuwa nusu ya mlo wa usiku, na nusu ya pili iwe chakula cha protini kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama wanaokula wadudu, huku matunda, mboga na wadudu vikiwa nyongeza ndogo isiyozidi sehemu moja ya kumi ya mlo. Wako wafugaji wanaofuata mapishi mengine, yanayogawa sahani katika mafungu matatu ya mchanganyiko, mboga na matunda. Mapishi hayo yana unga wa kalsiamu uliopimwa kwa ajili ya mgawo huo, kwa hiyo matunda yake mengi hayawezi kuhamishiwa kwenye utaratibu wa kwanza.

Ushauri wangu ni kuchagua utaratibu mmoja, kuupeleka kwa daktari wa wanyama auone, na kubaki nao. Glaida wanaopata matatizo si wale wa mapishi haya au yale, bali wale wanaolishwa vipande vya mapishi matatu vilivyounganishwa kwa mazoea ya nyumba.

Nimekosa kiambato kimoja. Naweza kuweka kingine?

Inategemea ni kipi. Asali ya aina moja ikiisha, asali safi ya aina nyingine haileti tofauti kubwa. Lakini unga wa vitamini na madini haubadilishwi kiholela, kwa sababu unga mmoja unaweza kuwa na kalsiamu nyingi bila fosforasi, mwingine ukawa na vyote viwili, na mwingine ukawa na vitamini tupu bila madini. Kijiko kimoja cha huu si sawa na kijiko kimoja cha ule. Vivyo hivyo, unga wa kawaida wa mahindi au ngano hauchukui nafasi ya unga wa nafaka wa watoto, ambao kwa kawaida huongezewa madini na huwa umepikwa tayari. Kiambato cha msingi kikikosekana, ni afadhali kuahirisha kutengeneza na kutumia akiba iliyogandishwa.

Maganda ya mayai yanaweza kuwa chanzo cha kalsiamu?

Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti karibu lote, na baadhi ya mapishi husaga yai zima pamoja na ganda lake lililochemshwa. Kama mapishi yako yanaagiza hivyo, saga hadi lisibaki punje ya kukwaruza. Kama hayaagizi, usiongeze, kwa kuwa utakuwa umeongeza kalsiamu juu ya ile iliyokwisha kupimwa.

Glaida mmoja ale kiasi gani kwa usiku?

Glaida mzima hula takribani asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa mwili wake kwa siku. Dume huwa na gramu 100 hadi 160 na jike gramu 80 hadi 130, hivyo mwenye gramu 110 atakula kati ya gramu 16 na 22 kwa usiku mmoja. Nusu yake ikiwa ni mchanganyiko wa Leadbeater, ni kama gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai visivyojaa sana kwa kuwa mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji. Kiasi hicho huonekana kidogo mno kwa macho ya binadamu, na huruma hutufanya tuongeze. Pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na uache sahani ya asubuhi ikuambie kama kilipungua au kilizidi.

Umri, baridi na kiasi cha kuruka huongeza au kupunguza mahitaji. Glaida anayekaa ndani ya kizimba kidogo usiku kucha hahitaji nguvu sawa na yule anayetolewa kucheza chumbani kwa saa mbili.

Nimlishe saa ngapi?

Jioni, anapoanza kuamka, kisha uondoe mabaki asubuhi. Chakula chenye yai hakifai kubaki kwenye kizimba hadi mchana, na palipo na joto kali kiondolewe mapema zaidi. Wakiwa wawili au zaidi, weka sahani mbili mahali tofauti, kwa sababu mwenye nguvu hukaa juu ya sahani moja na kuchagua vitamu huku mwenzake akingoja masalia.

Matunda na mboga gani yanafaa?

Papai, tini mbichi, chungwa lililotolewa mbegu na embe vina uwiano wa madini unaovumilika au mzuri. Tufaha na pea lisilo na mbegu, tikiti maji na zabibu chache si vibaya kwa kipande kidogo, mradi visiwe vya kila siku. Upande wa mboga, majani ya sukuma wiki yana kalsiamu nyingi sana ikilinganishwa na fosforasi, na karoti na viazi vitamu vilivyopikwa bila chumvi hukubaliwa na glaida wengi. Osha kila kitu vizuri ili kuondoa mabaki ya dawa za shambani, na menya panapowezekana.

Spinachi, mchicha na bitiruti huwachanganya watu, kwa sababu kwenye orodha za lishe huonekana kuwa na kalsiamu. Zina pia oksalati, ambayo huishika kalsiamu hiyo tumboni na kuizuia isifyonzwe. Kwa mnyama ambaye hatari yake kubwa ni upungufu wa kalsiamu, sioni sababu ya kumpa.

Mboga za mchanganyiko zilizogandishwa zinatumika bila tatizo kama hazina chumvi wala sosi, lakini angalia mahindi. Glaida hupenda mahindi kupita kiasi, na atayatoa yote kwenye mchanganyiko kabla hajagusa kitu kingine.

Kwa nini anatafuna tunda kisha anatema makapi?

Hiyo ndiyo njia yake ya kawaida ya kula. Mtazame anavyoshika kipande cha papai kwa mikono miwili: hukibana kwa meno, hunyonya maji yote, kisha hutoa kibonge kikavu kilichobanwa na kukidondosha. Nyenje naye humla hivyo hivyo, akianza kichwani na kuacha maganda ya miguu na mbawa. Usihesabu makapi hayo kuwa chakula kilichokataliwa. Ila ukikuta mchanganyiko wenyewe haujaguswa na makapi ya matunda yamejaa, basi ameshiba vitamu na ameacha chakula.

Wadudu wepi, na wangapi?

Nyenje, panzi waliofugwa, na mabuu wa unga ndio wanaotumika zaidi. Viwavi wa nta wana mafuta mengi na wawe kitu cha kumzawadia mara moja moja tu. Wadudu wachache kwa usiku wanatosha.

Mdudu ana thamani sawa na alichokula yeye mwenyewe. Walishe wadudu chakula chenye kalsiamu nyingi pamoja na majani mabichi kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuwatumia, kisha uwapake unga wa kalsiamu usio na fosforasi kwa kuwatikisa ndani ya mfuko mdogo mpaka wawe weupe kidogo. Walishwe glaida mara moja, maana nyenje hujisafisha na unga huondoka.

Wadudu wa kuokota nje, wale wanaozunguka taa au waliopatikana bustanini, wasitumike. Huenda wamepita kwenye sumu ya kuulia wadudu, na wengine wana vimelea. Jihadhari pia na chakula unachowapa wadudu wenyewe: mahindi au karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, na glaida wamewahi kudhurika ini kwa njia hiyo.

Naweza kumpa nyama?

Kipande kidogo cha kuku aliyechemshwa bila chumvi, kitunguu wala viungo kinakubalika, na yai la kuchemsha au la kukaanga bila mafuta pia. Lakini kumbuka kwamba nyama ina fosforasi nyingi na karibu haina kalsiamu, hivyo kila kipande kinahesabika. Nyama mbichi isitumike kwa sababu ya bakteria. Chakula cha mbwa au paka si msingi mzuri wa mlo wake.

Ni vyakula gani ambavyo sipaswi kumpa kamwe?

Chokoleti, kahawa, chai, pombe, vitunguu vya aina zote pamoja na kitunguu saumu, parachichi, na kitu chochote chenye zailitoli, ile sukari mbadala inayotumika katika bazoka na baadhi ya siagi za karanga. Mbegu za tufaha na pea, na kokwa za pichi na aprikoti, zina viasili vinavyotoa sianidi zinapotafunwa. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Biskuti, vyakula vya kukaanga na soda havina nafasi katika mlo wake.

Soma pia maelezo kwenye chupa ya juisi au kopo la matunda unalotaka kutumia. Vihifadhi na sukari ya ziada hufichwa mahali ambapo mtu hatarajii.

Kama kalsiamu ni muhimu hivyo, kwa nini nisiongeze zaidi ili niwe salama?

Kwa sababu ziada nayo inadhuru. Vitamini D3 huyeyuka kwenye mafuta na hujilimbikiza mwilini, na ikizidi hupandisha kalsiamu ya damu hadi ianze kuganda ndani ya figo na mishipa. Vitamini A iliyozidi huathiri ini na mifupa. Glaida ana uzito wa takribani gramu mia moja, kwa hiyo kile kinachoonekana kwetu kuwa ncha ya kijiko ni kipimo kikubwa kwake. Hatari kubwa iko pale mfugaji anapotumia mapishi yenye vitamini, chembechembe zenye vitamini na matone ya vitamini ya kwenye maji kwa wakati mmoja.

Na maji?

Maji safi yawepo wakati wote, yabadilishwe kila siku. Kwenye chupa ya kuning'inia, gusa mpira wa mdomoni kila jioni uhakikishe matone yanatoka, maana chupa iliyoziba huonekana imejaa huku mnyama akikaukiwa. Usichanganye asali au vitamini ndani ya maji hayo.

Amekataa chakula kipya. Nimwache na njaa mpaka akubali?

Hapana. Glaida akikosa chakula hupoteza nguvu haraka na mwili wake unaweza kushuka joto. Badilisha polepole kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Anza kwa kuchanganya kijiko kidogo cha chakula kipya ndani ya kile alichokizoea, ongeza kila baada ya siku chache, na umpime uzito katika kipindi hicho chote. Kwa anayekataa mchanganyiko wa majimaji, paka kidogo kidoleni ukiwa umemshika, au uweke juu ya kipande cha tunda analolipenda ili alazimike kuupitia kabla ya kulifikia. Glaida aliyenunuliwa karibuni apewe kwanza kile alichokuwa akila kule alikotoka, hata kama si kizuri, mpaka atulie katika makazi mapya.

Anayechagua vitamu na kuacha vingine hatengenezwi kwa kuongezewa aina za vyakula. Katakata mboga na matunda vipande vidogo mno, uvichanganye vishikane, au uvisage pamoja, na usimpe kitu kingine mpaka jioni inayofuata.

Jike mwenye watoto alishwe tofauti?

Mimba huchukua takribani siku 16 tu, na mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa chini ya gramu moja, kisha hukaa mfukoni kwa siku 70 hivi. Kipindi kigumu kwa mama ni kile cha kunyonyesha, ambapo anahitaji protini na kalsiamu zaidi. Muongezee kiasi cha mlo wote kamili pamoja na wadudu waliopakwa kalsiamu, na uache matunda yabaki vilevile. Usimnenepeshe kwa vyakula vya mafuta. Mtoto wa jicho kwa vitoto vya glaida amehusishwa na mama walionona kupita kiasi. Vitoto huanza kuonja sahani ya mama baada ya kutoka mfukoni na macho kufunguka, na kwa kawaida huacha kunyonya wakiwa na umri wa karibu miezi minne, kwa hiyo sahani iwe ya kina kifupi, isiyoweza kuwazamisha.

Chakula laini hakimharibii meno?

Kinaweza. Sukari na chakula laini hujenga ukoga, kisha fizi huvimba na meno hulegea, na glaida mwenye maumivu ya meno hujikuna mdomo, hudondosha chakula au hupendelea ghafla vitu laini tu. Maganda magumu ya nyenje husaidia kusugua meno, na matawi salama ya mkaratusi ambayo hayajapuliziwa dawa humpa kazi ya kutafuna inayofanana na ya porini. Meno marefu ya chini si ya kukatwa: hayakui maisha yote kama ya panya, na kuyakata hufungua kiini cha jino kwa maambukizi.

Nitajuaje kwamba lishe inafanya kazi?

Mpime uzito kila wiki, kwa saa ileile, na uandike. Mtie ndani ya mfuko wake wa kulalia, pima vyote pamoja, kisha toa uzito wa mfuko. Kushuka kwa gramu 10 kwa mnyama wa gramu 100 ni kama mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7, na macho peke yake hayataliona hilo chini ya manyoya. Mwenye afya ana macho yanayong'aa, manyoya laini, mkia uliojaa kiasi, kinyesi kilichoshikana, na hushika kwa nguvu anapopanda mkononi. Unene nao ujulikane: tumbo linaloning'inia na ngozi ya kuruka, ile ya ubavuni anayoitandaza anapoelea hewani, isiyokunjika vizuri kwa sababu ya mafuta chini yake ni dalili za kupunguza sukari na viwavi.

Msikilize pia. Glaida aliyezoea kuruka akianza kushuka kwa kutambaa, au akikosea kutua mara kwa mara, usisubiri.

Ni dalili zipi za kumkimbiza kwa daktari siku hiyohiyo?

Kuburuta au kutetemeka kwa miguu ya nyuma, degedege, kushindwa kushika tawi, kuharisha kunakoendelea, kukataa chakula usiku mzima, mwili wa baridi usioamka, na ngozi ya mgongoni inayobaki imesimama ukiibana kwa vidole, ambayo ni alama ya kukaukiwa maji. Miguu ya nyuma ikilegea, muweke kwenye kizimba kidogo, chenye sakafu laini na kisicho na mahali pa kupanda, kwa kuwa mifupa inaweza kuvunjika kwa kuruka tu. Upungufu wa kalsiamu uliowahiwa mapema hutibika kwa sindano au dawa za kalsiamu, vitamini D3, kupumzishwa na kurekebisha mlo, na wengi hutembea tena. Nenda na mapishi yako yameandikwa, pamoja na kopo la unga wa vitamini unaoutumia. Daktari ataliuliza hilo kwanza.

Chakula nilichotengeneza hukaa muda gani?

Kwenye jokofu, ndani ya chombo kilichofunikwa, kitumie ndani ya siku tatu. Kinachobaki kigandishwe kwenye trei ya barafu, kila tundu likiwa na mlo wa usiku mmoja, na ukiandike tarehe. Kwa sababu ya asali hakitaganda kikawa kigumu kama barafu, na hilo si kosa. Kiyeyushe ndani ya jokofu tangu asubuhi, ukikoroge vizuri kabla ya kukiweka sahanini, na kilichokwisha kuyeyuka kisigandishwe mara ya pili.

Nitasafiri siku mbili. Naweza kumwachia chakula kingi kwa pamoja?

Chembechembe kavu na maji vinaweza kubaki, lakini mchanganyiko wenye yai hauwezi. Mwombe mtu aje jioni kuweka tundu moja la akiba kwa kila glaida na aje tena asubuhi kuondoa mabaki. Mwachie vipimo vilivyoandikwa pamoja na orodha ya vyakula vilivyokatazwa, na umwambie waziwazi asiongeze ndizi kwa huruma.